Noah wa Stockholm, Nuhu wa nyumbani: safari ya jina la Kiebrania

STOCKHOLM

Miongoni mwa wavulana waliozaliwa nchini Sweden mwaka 2020, jina lililotolewa mara nyingi kuliko yote lilikuwa Noah, kwa mujibu wa Idara ya Takwimu ya nchi hiyo, SCB. Jina hilo la Kiebrania, ambalo wasemaji wa Kiswahili hulifahamu kama Nuhu, liliyapita majina ya William na Lucas, yaliyokuwa yameongoza miaka michache kabla ya hapo.

Sweden haiko peke yake. Nchini Marekani Noah liliongoza orodha ya majina ya wavulana kuanzia mwaka 2013 hadi 2016. Nchini Uingereza na Wales lilikuwa la kwanza mwaka 2021 na 2022, kabla ya kupitwa na Muhammad mwaka 2023.

Kwa wazazi kutoka Afrika Mashariki wanaoishi katika jiji la Stockholm, jambo hili lina uzito wake. Wanatafuta jina ambalo bibi aliyeko Tanga au Bukavu atalitamka bila taabu, ambalo mwalimu wa shule ya Rinkeby au Tensta hataliharibu, na ambalo halitamfungia mtoto mlango siku atakapoomba kazi.

Maana ya jina

Kwa Kiebrania, jina hili ni Noach, na herufi yake ya mwisho hutamkwa kooni. Linahusishwa na mzizi wenye maana ya kupumzika au kutulia.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 5, kinatoa maelezo tofauti kidogo. Humo Lameki anampa mwanawe jina hilo akitumaini kwamba atawafariji watu katika kazi ngumu ya ardhi iliyolaaniwa. Kitenzi cha kufariji kina mzizi mwingine, ingawa kwa sauti kinakaribiana na jina. Wafasiri wengi wanaona hapo mchezo wa maneno, ambao ni wa kawaida katika Biblia ya Kiebrania.

Waarabu wamelihifadhi jina hilo kama Nuh, nayo sura ya 71 ya Qur'ani inaitwa kwa jina lake. Kiswahili, ambacho hupenda neno liishie kwa irabu, kimeongeza u mwishoni na kupata Nuhu. Wasomali huandika Nuux, na Waganda husema Nuwa. Wasweden, ambao Biblia yao huandika Noa, hawaitamki kabisa ile herufi ya mwisho, hata pale wanapoandika Noah.

Mzazi anayependa tahajia fupi ya Noa hana budi kufahamu jambo moja. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, yumo binti aitwaye Noa, mmoja wa mabinti watano wa Selofehadi waliodai urithi wa baba yao mbele ya Musa. Kwa Kiebrania hilo ni jina jingine, lenye mzizi wa kutikisika au kwenda. Ndiyo maana nchini Israel Noa ni jina la wasichana.

Lilivyofika Sweden

Majina ya asili ya Kiebrania si mageni kaskazini mwa Ulaya. Johan, Anna, Maria na Elisabet yaliingia pamoja na Ukristo, na leo hakuna Msweden anayeyaona kuwa ya kigeni. Mwaka 1541 Biblia nzima ilichapishwa kwa Kiswidi, na majina ya Agano la Kale yakasikika zaidi makanisani. Jumuiya ya Wayahudi ilianza kukua Stockholm baada ya mwaka 1774, pale Aaron Isaac aliporuhusiwa kuishi humo bila kubadili dini. Sinagogi kuu la jiji hilo lilifunguliwa mwaka 1870.

Hata hivyo, Noa lilibaki jina adimu kwa karne nyingi. Umaarufu wake wa karne hii unakwenda sambamba na kupendwa kwa majina mafupi yenye irabu nyingi, kama Elias, Leo na Liam.

Nuhu wa Afrika Mashariki

Kwetu jina hili lina historia ndefu. Huko Uganda, mfinyanzi Noe Mawaggali aliuawa kwa ajili ya imani yake mjini Mityana tarehe 31 Mei 1886, naye ni mmoja wa mashahidi waliotangazwa watakatifu mwaka 1964. Nchini Kenya, Noah Ngeny alitwaa medali ya dhahabu ya mbio za mita 1,500 katika michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Pwani na bara, Waislamu na Wakristo kwa pamoja huwaita watoto wao Nuhu.

Tanzania, hata hivyo, lina maana nyingine pia. Ukitaja Noah, wengi hufikiria kwanza gari la Toyota la abiria. Bibi akipigiwa simu kutoka Ulaya na kuambiwa kuwa mjukuu anaitwa Noah, asilaumiwe akicheka.

Jina na ajira

Yapo matokeo ya utafiti yanayoeleza wasiwasi wa wazazi. Magnus Carlsson na Dan-Olof Rooth walituma maombi ya kazi ya kubuni kwa waajiri wa Stockholm na Gothenburg mwaka 2005 na 2006. Sifa za waombaji zililingana. Tofauti ilikuwa majina. Wenye majina ya Kiswidi waliitwa kwenye usaili kwa asilimia 50 zaidi ya wenye majina ya Mashariki ya Kati.

Utafiti mwingine, wa Mahmood Arai na Peter Skogman Thoursie, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuatilia wahamiaji waliobadili majina yao ya ukoo katika miaka ya 1990 wakachukua yanayosikika kuwa ya Kiswidi au yasiyoonyesha asili. Mapato yao yaliongezeka baada ya kubadili.

Matokeo hayo yanaonyesha mipaka ya jina kama Noah. Jina la kwanza laweza kumfikisha mtoto mlangoni, lakini jina la ukoo huandikwa kando yake, na mwajiri huyasoma yote mawili.

Sheria inasemaje

Sheria ya majina iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2017 haina orodha ya majina yanayokubalika. Inakataza jina la kwanza linaloweza kuudhi, kumletea usumbufu mwenye nalo, au lisilofaa kwa sababu nyingine iliyo dhahiri. Wazazi hutakiwa kuiarifu Idara ya Kodi, Skatteverket, katika muda wa miezi mitatu tangu mtoto azaliwe.

Sheria inaruhusu pia majina ya kwanza zaidi ya moja, na lolote kati ya hayo laweza kuwa la kuitia. Mtoto aweza kuandikwa Noah Juma, au Juma Noah, na jina la babu likabaki katika hati zake zote. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Miezi mitatu inatosha kumpigia babu simu na kumuuliza ni lipi litangulie.