Mwaka wa 2023 Katika Kaptagat: Hesabu ya Sekunde

Mwaka unapokwisha, mkulima wa Uasin Gishu huhesabu magunia ya mahindi aliyovuna, na mwenye ng'ombe huhesabu ndama waliozaliwa na waliokufa. Ndivyo apatavyo kujua kama mwaka ulikuwa wa heri au wa taabu. Lakini katika Kaptagat wako watu ambao mavuno yao hayatiwi katika gunia wala hayapimwi kwa kibaba. Mavuno yao ni dakika na sekunde. Kwa watu hao mwaka wa 2023 haukuwa kama miaka mingine, na yafaa habari zake zielezwe kwa utaratibu, kwa maana ndani yake mlikuwa na ushindi, mlikuwa na kushindwa, na baada yake ukaja msiba.

MAHALI PENYEWE

Kaptagat iko kusini-mashariki ya mji wa Eldoret, mwendo wa karibu kilomita 30, mahali ambapo Uasin Gishu inapakana na Elgeyo Marakwet. Nchi hiyo imeinuka yapata mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi huwa na baridi na ukungu, na njia za udongo mwekundu hupita katikati ya msitu.

Watu wengi huuliza kwa nini wakimbiaji hodari hukusanyika huko. Jawabu la kwanza ni hewa. Hewa ya nchi za juu ni nyepesi, na kila pumzi humpatia mtu oksijeni kidogo kuliko ile aipatayo mtu wa Mombasa. Mwili ukikaa huko muda mrefu hujisaidia wenyewe kwa kuongeza chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kuchukua oksijeni na kuipeleka katika misuli. Mkimbiaji aliyezoea hali hiyo akishuka kwenda kushindana katika miji ya chini, huona nafuu.

Lakini mtu asidhani kwamba hewa peke yake yatosha. Maelfu ya watu huvuta hewa ile ile, wala si mabingwa. Jawabu la pili ni kazi. Katika kambi ya mwalimu Patrick Sang, ambaye mwaka wa 1992 alipata medali ya fedha huko Barcelona katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, wakimbiaji hukaa pamoja siku za juma na kurudi makwao mwisho wa juma. Hufagia na kusafisha vyoo kwa zamu, hata aliye bingwa wa dunia. Desturi ya kambi ni kwamba Jumanne hukimbia kiwanjani kwa kupimwa saa; Alhamisi hukimbia mbio ndefu za kilomita 30 au 40; na Jumamosi hukimbia kwa kubadili mwendo, mara mbio mara polepole. Eliud Kipchoge, aliye mashuhuri kuliko wote kambini, ana desturi nyingine: kila siku huandika katika daftari kazi aliyoifanya. Mtu wa namna hiyo hahitaji kukisia mwaka wake ulikuwaje. Hufungua daftari akasoma.

APRILI: BOSTON NA LONDON

Mwaka ulianza kwa kushindwa. Tarehe 17 Aprili Kipchoge alishindana katika marathoni ya Boston, Marekani, kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 38, naye alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, saa 2 dakika 1 na sekunde 9, aliyoiweka Berlin mwaka wa 2022. Tangu aanze kukimbia marathoni mwaka wa 2013 alikuwa ameshindwa mara mbili tu. Njia ya Boston si tambarare. Ina vilima ambavyo humkuta mkimbiaji miguu imekwisha kuchoka. Hapo Kipchoge aliachwa nyuma, akamaliza wa sita kwa saa 2 dakika 9 na sekunde 23. Mshindi alikuwa Evans Chebet wa Kenya, na wa pili Gabriel Geay wa Tanzania.

Baada ya siku sita, yaani tarehe 23 Aprili, ikaja habari nyingine kutoka London. Kijana Kelvin Kiptum alishinda kwa saa 2 dakika 1 na sekunde 25. Kiptum hakuwa wa kambi ya Sang. Alikuwa mtu wa Chepkorio, jirani na Kaptagat, naye alifundishwa na Gervais Hakizimana wa Rwanda. Aliyemfuata London, akiwa nyuma yake karibu dakika tatu, alikuwa Geoffrey Kamworor, ambaye ni wa kambi hiyo ya Kaptagat. Rekodi ya njia ya London aliyoivunja ilikuwa ya Kipchoge, ya mwaka wa 2019. Watu wenye kuelewa mambo walianza kusema kwamba rekodi ya dunia nayo haitakaa sana.

JUNI NA JULAI: FAITH KIPYEGON

Wakati watu wanazungumza habari za wanaume, mwanamke mmoja wa kambi hiyo hiyo aliwashangaza wote. Faith Kipyegon alikuwa amekwisha kushinda Olimpiki mara mbili katika mbio za mita 1,500, na kati ya ushindi huo alijifungua mtoto wa kike mwaka wa 2018. Wako waliodhani kwamba mama mzazi hawezi tena kupata mbio zake za zamani. Kipyegon aliwajibu kwa miguu.

Tarehe 2 Juni, katika mji wa Florence, Italia, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 sekunde 49.11. Kabla yake hapakuwa na mwanamke aliyekimbia mbio hizo chini ya dakika 3 na sekunde 50. Juma moja baadaye, tarehe 9 Juni, katika mji wa Paris, aliweka rekodi ya mita 5,000 kwa dakika 14 sekunde 5.20, na aliyekuwa na rekodi hiyo, Letesenbet Gidey wa Ethiopia, alikuwamo katika mashindano akawa wa pili. Tarehe 21 Julai, huko Monaco, alikimbia maili moja kwa dakika 4 sekunde 7.64, akapunguza zaidi ya sekunde nne na nusu katika rekodi ya zamani. Rekodi tatu za dunia kwa siku 50.

Ili msomaji aelewe ukubwa wa jambo hilo, yafaa kueleza jinsi sekunde zinavyohesabiwa. Rekodi ya mita 1,500 ilikuwa imekaa tangu mwaka wa 2015, na Kipyegon aliishinda kwa pungufu ya sekunde moja. Sekunde moja ni muda wa kupepesa jicho mara chache. Lakini kwa mkimbiaji wa mwendo huo ni zaidi ya mita sita za ardhi. Tena siku hizi kandokando ya kiwanja huwekwa taa ndogo ambazo huwaka kwa kufuatana, zikionyesha mwendo unaotakiwa. Taa hizo humwonyesha mkimbiaji kama amechelewa. Hazimpi pumzi wala nguvu za kuzifuata.

Mwezi wa Agosti, katika Mashindano ya Dunia huko Budapest, Hungaria, Kipyegon alishinda mita 1,500 tarehe 22 na mita 5,000 tarehe 26. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio hizo mbili katika Mashindano ya Dunia ya mwaka mmoja.

SEPTEMBA NA OKTOBA: KUPATA NA KUPOTEZA

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Kipchoge alirudi Kaptagat kutoka Boston, akashika tena njia za msitu. Tarehe 24 Septemba alishinda marathoni ya Berlin kwa saa 2 dakika 2 na sekunde 42. Ilikuwa mara ya tano kushinda huko, na hapana mtu mwingine aliyekuwa amefikisha mara tano.

Lakini mwezi huo huo kambi ilipoteza pia. Tarehe 17 Septemba, katika mji wa Eugene, Marekani, Gudaf Tsegay wa Ethiopia alikimbia mita 5,000 kwa dakika 14 sekunde 0.21. Rekodi ya Kipyegon ya Paris ilikuwa imekaa siku 100 kamili.

Kisha tarehe 8 Oktoba ikaja Chicago. Kiptum, akiwa na umri wa miaka 23, katika marathoni yake ya tatu tu, alimaliza kwa saa 2 na sekunde 35. Rekodi ya Kipchoge ikaondoka kwa sekunde 34. Jambo la kustaajabisha ni kwamba nusu ya pili ya safari aliikimbia upesi kuliko nusu ya kwanza, yaani wakati ambapo wengine huishiwa nguvu, yeye ndipo alipozidisha mwendo. Mwezi wa Desemba Shirika la Riadha la Dunia liliwatunuku Kipyegon na Kiptum, kila mmoja katika daraja lake, kuwa wanariadha bora wa mwaka. Wote wawili walikuwa watu wa milima hiyo hiyo.

Jambo jingine la mwaka huo halikuwa la mbio, nalo lisisahauliwe. Tarehe 13 Novemba ilifanywa sikukuu ya kupanda miti katika Kenya nzima. Kwa watu wa Kaptagat msitu si pambo. Huleta maji na kivuli, na wakimbiaji hupita ndani yake kila asubuhi.

BAADA YA MWAKA

Hesabu ya mwaka wa 2023 ingeweza kufungwa hapo, kama si mambo yaliyofuata. Tarehe 6 Februari 2024 rekodi ya Kiptum ilithibitishwa rasmi. Alikuwa amejiandaa kukimbia Rotterdam mwezi wa Aprili, na kusudi lake lilikuwa kushuka chini ya saa mbili. Tarehe 11 Februari usiku, siku tano tu baada ya kuthibitishwa kwa rekodi, motokaa yake ilipata ajali katika barabara itokayo Eldoret kwenda Eldama Ravine, upande wa Kaptagat. Yeye na mwalimu wake Hakizimana walikufa papo hapo. Kiptum alizikwa Naiberi tarehe 23 Februari.

Msiba huo ulifuatwa na uovu mwingine, nao ni uvumi. Watu wasiojulikana walieneza maneno katika mitandao wakimhusisha Kipchoge na ajali ile, bila msingi wo wote. Mwezi wa Mei 2024 Kipchoge mwenyewe alieleza jinsi alivyotukanwa na kutishwa, hata akahofia usalama wa jamaa zake. Kushindana si uadui. Mtu aliyemshinda mwenzake kwa sekunde 34 hamfanyi kuwa adui yake. Humfanya aamke mapema zaidi kesho yake. Yeye asomaye uvumi na kuupeleka mbele bila kuuliza ulikotoka, hushiriki katika dhambi ya aliyeutunga.

Kipyegon hakukoma. Mwaka wa 2024 alipunguza tena rekodi yake ya mita 1,500, akapata ushindi wa tatu wa Olimpiki huko Paris, na mwaka wa 2025 akaipunguza mara nyingine mpaka dakika 3 sekunde 48.68. Kipchoge, katika Olimpiki hiyo ya Paris, alishindwa kumaliza marathoni.

Ndivyo ilivyo hesabu ya Kaptagat. Rekodi si shamba ambalo mtu huwarithisha wanawe. Ni kama zamu ya kufagia kambini: mmoja huishika, kisha mwingine. Nayo daftari ya Kipchoge, iliyoandikwa Boston na Berlin vivyo hivyo, huonyesha namna njema ya kuutazama mwaka uliopita, yaani kuandika siku ya kushindwa kwa wino ule ule ulioandika siku ya kushinda, na asubuhi kurudi njiani.