Fedha za Umma, Shule za Watu Binafsi: Hoja kutoka Shinyanga na Geita

Shule ya mkataba, kwa maana iliyoanza kutumika katika jimbo la Minnesota nchini Marekani mwaka 1991, ni shule ambayo gharama zake hulipwa na serikali, haimtozi mzazi ada wala haichagui wanafunzi kwa mtihani, lakini huendeshwa na bodi isiyo ya serikali kwa mkataba wa miaka kadhaa, unaoweza kuvunjwa matokeo yasiporidhisha. Tanzania haina shule ya aina hiyo. Hospitali ya aina hiyo inayo. Hospitali teule ni hospitali ya taasisi ya dini ambayo serikali, badala ya kujenga yake, hukubaliana nayo ifanye kazi ya hospitali ya wilaya, huku watumishi wake wengi wakilipwa na Hazina. Ile ya Sengerema, mali ya Kanisa Katoliki, imehudumia kwa miaka mingi wagonjwa wa upande wa Geita. Vilevile Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwakopesha ada wanafunzi wa vyuo vikuu vya binafsi kama inavyowakopesha wa vyuo vya umma. Ni katika shule za msingi na sekondari tu ambako mlango umebaki umefungwa, na aliyeufunga alikuwa na sababu.

Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1927, serikali ya kikoloni ilizipa shule za misheni ruzuku, yaani fedha za kuchangia uendeshaji, kwa sharti la kufuata muhtasari wa masomo uliokubaliwa na kukubali kukaguliwa. Kwa kuwa misheni zilijenga pale zilipotafuta waumini, kama Mababa Weupe huko Ushirombo na African Inland Mission huko Kolandoto, ramani ya shule ilifuata ramani ya makanisa, na watoto wa Kiislamu, pamoja na wale wa Kisukuma ambao wazazi wao walishika mila zao, wakabaki nyuma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitaifisha shule nyingi zilizokuwa zikipokea ruzuku hiyo. Makubaliano ya mwaka 1992 kati ya serikali na makanisa, yaliyohusu afya na elimu, yalipolalamikiwa na Waislamu wengi, kidonda kilichotoneshwa kilikuwa kile kile.

Katika ukanda wa dhahabu swali la kuzilipia shule zisizo za serikali lina sura nyingine. Mkoa wa Geita ulikuwa na watu 1,739,530 katika sensa ya mwaka 2012, na katika sensa ya mwaka 2022 ukawa na watu 2,977,608, ongezeko ambalo si rahisi bajeti yoyote ya madarasa kwenda nalo sambamba. Rashi, kama wachimbaji wadogo wanavyouita mmiminiko wa watu kuelekea machimbo mapya, inaweza kukijaza kijiji kabla halmashauri haijapanga bajeti na kukiacha kitupu kabla darasa halijaezekwa. Wananchi wamejibu kwa shule shikizi, yaani vituo vinavyojengwa kwa nguvu zao na kuhesabiwa kuwa tawi la shule mama hadi visajiliwe: wanakijiji hupandisha boma hadi kwenye linta, halmashauri huombwa mbao na mabati, na mwalimu wa kujitolea hulipwa kwa michango ya wazazi. Serikali ilipopata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 2021 na kujipangia kujenga madarasa 15,000 nchini, 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi. Kwa hiyo anayeshikilia kwamba fedha za umma haziwezi kukamilisha kazi iliyoanzwa na mikono isiyo ya serikali anapaswa kwanza kuyatazama maboma hayo.

Ugumu uko kwenye hesabu. Kwa viwango vya elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016, ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na 6,000 kati ya hizo ndizo hufika shuleni, kwani zinazobaki ni za vitabu. Shule yenye wanafunzi 450 hupata hivyo shilingi milioni 2.7 kwa mwaka, au 225,000 kwa mwezi, kiasi kinachotosha chaki na ukarabati mdogo lakini si mshahara wa mwalimu hata mmoja. Mkataba usiobeba mishahara ungemrudisha mwendeshaji kwenye ada, na ada humpeleka Katoro, Kahama na Geita mjini, kwenye wafanyabiashara wanaozimudu shule za mchepuo wa Kiingereza, wala si Rwamgasa kwenye zebaki na karasha za kusaga mawe, ambako watoto huvutwa machimboni.

Uganda ilijaribu. Kuanzia mwaka 2007 ililipa shule za sekondari za binafsi shilingi 47,000 za nchi hiyo kwa kila mwanafunzi kwa muhula, hasa katika maeneo yasiyo na sekondari ya serikali, kisha mwaka 2018 ikaanza kujitoa na kuelekeza nguvu kwenye shule zake yenyewe. Liberia nayo mwaka 2016 ilizikabidhi shule 93 kwa waendeshaji wanane. Watoto walijifunza zaidi, lakini kwa gharama kubwa, na mwendeshaji mmojawapo alipunguza msongamano kwa kuwaondoa wanafunzi waliozidi na kuwasukumia walimu asiowataka kwenye shule nyingine. Mchujo wa namna hiyo ndio unaopaswa kuogopwa zaidi, kwa sababu hupandisha wastani wa mtihani bila kumfundisha mtoto yeyote.

Ruzuku, basi, inafaa ifungwe kwenye kijiji kisicho na shule, isiifuate shule iliyokwisha kujengwa mahali penye fedha. Njia ya kinyume nayo ipo: Sekondari ya Wasichana Nyankumbu mjini Geita ilijengwa kwa fedha za mgodi na inaendeshwa na serikali, ingawa migodi nayo hufungwa, kama Buzwagi ulivyomaliza uzalishaji mwaka 2021. Palipo na rashi, malipo yanayohesabu vichwa yatamfilisi mwendeshaji mwaka ambao wachimbaji wamehama. Katika hospitali teule mshahara wa mtumishi hautegemei wodi kujaa, na mkataba wa shule ya machimboni utahitaji kifungu kama hicho, pamoja na kingine kinachosema majengo yatakuwa ya nani siku mwendeshaji atakapoondoka.