Likizo ya Mshipi kwa Mfuko wa Kawaida

Mwanzoni mwa mwaka 1934, mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway alimaliza safari yake ya kuwinda bara, kisha akateremka Malindi kuvua samaki wakubwa. Tangu enzi hizo uvuvi wa burudani katika pwani ya Kenya umebeba sifa ya mchezo wa matajiri: boti ya injini mbili, kiti cha kujifunga mkanda, nduaro mwenye pua ndefu, na picha ya kutundika ukutani. Sifa hiyo imewakatisha tamaa watu wengi wa Nairobi, Nakuru, Arusha na Kampala ambao wangeimudu likizo hiyo bila shida. Bahari ile ile huvuliwa kila siku na wenyeji kwa mshipi wa nailoni, ndoana na chubwi, na mgeni anayejua kupanga anaweza kwenda nao.

Mpango mzuri huanza na upepo.

Kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Septemba, na Juni na Julai ndipo hukolea. Miezi hiyo boti nyingi za Watamu na Malindi hupandishwa nchi kavu kufanyiwa matengenezo. Ndiyo miezi ambayo vyumba vya kulala hushuka bei, na hapo wageni wengi hunaswa: hupata kitanda cha nafuu, kisha hukaa ufukweni siku zote wakitazama mawimbi. Atakayeamua kung'ang'ania na kutoka nje ya miamba katika kusi kali anacheza na roho yake. Tarehe 18 Julai 2012, meli ya abiria MV Skagit ilizama kati ya Dar es Salaam na Zanzibar bahari ikiwa imechafuka. Ikiwa meli ilizama, mashua ya mbao haina la kujivunia.

Kuanzia mwishoni mwa Agosti kusi hulegea na jodari huanza kupita mbele ya Watamu, hadi Oktoba. Kisha huja maleleji, pepo zinapobadilishana zamu na bahari kutulia. Kaskazi huingia Novemba na kuleta nduaro wengi mpaka Januari. Wale wakubwa zaidi wa jamii yao hutafutwa hadi Machi. Tatizo la majira hayo ni Krismasi. Kuanzia katikati ya Desemba hadi Mwaka Mpya, Watamu hujaa na kila kitu hupanda, kuanzia chumba mpaka nauli ya matatu. Mwenye mfuko wa kawaida atafute nafasi yake kati ya Oktoba na katikati ya Novemba, au baada ya wiki ya pili ya Januari hadi katikati ya Machi.

Mwezi wa angani nao una neno lake. Bamvua likipanda, maji ya pwani hii huzidi mita tatu kati ya kupwa na kujaa, na mkondo huvuta mshipi kwa nguvu. Mgeni anayejifunza atapata raha zaidi siku za maji mafu. Tena akumbuke kwamba katika vijiji vingi vya pwani wavuvi hupumzika Ijumaa, na kwamba Ramadhani hubadilisha saa za kutoka na kurudi.

Gharama kubwa kuliko zote ni chombo. Boti iliyoandaliwa kuvua bahari kuu hugharimu mamia ya dola kwa siku, na mafuta ndiyo yanayoila pesa hiyo. Lakini jambo ambalo wageni wengi hawalitambui ni kwamba bei hiyo ni ya boti nzima, haihesabiwi kwa kichwa. Tuseme boti inakodiwa kwa shilingi 60,000 za Kenya na inabeba wavuvi wanne: mtu akienda peke yake atalipa zote, wakienda wanne kila mmoja atatoa 15,000. Kwa hiyo kundi litafutwe mapema, nyumbani, kabla ya kukata tiketi. Nusu siku nayo inatosha kwa anayeanza. Asubuhi bahari huwa tulivu zaidi, na tumbo lisilozoea mawimbi halitaomba kukaa baharini saa kumi.

Njia ya bei nafuu zaidi, na kwa maoni ya gazeti hili yenye utamu zaidi, ni kuacha nduaro na kuvua mwambani. Nahodha mwenye mashua au boti ya faiba hutia nanga kwenye kina cha wastani, watu wakashusha mishipi yenye chambo cha ngisi, na hapo hupandishwa changu, chewa na kolekole. Wakati wa kwenda na kurudi mshipi mmoja hurambazwa nyuma ya chombo, na mara nyingine nguru hujitupa juu yake. Huhitaji fimbo ya bei kali. Utahitaji glavu, maana nailoni hukata vidole, shati la mikono mirefu, kofia na maji mengi ya kunywa.

Wa kuulizwa kuhusu vyombo hivyo ni viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fukwe vilivyowekewa kanuni zake nchini Kenya mwaka 2007. Wao wanajua nani ana chombo kizima na leseni, na nani ana maneno tu. Mtu anayemfuata mgeni hotelini kumuuzia safari mara nyingi hana boti. Ni dalali, na sehemu ya pesa hubaki kwake.

Kufika si ghali. Treni ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandisha nauli ya daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024, na bado ni nafuu. Kutoka Mombasa, matatu za Malindi hupita Kilifi; anayekwenda Watamu hushuka Gede, palipo na magofu ya mji wa kale, akamalizia kwa tuktuk au bodaboda. Kuchagua Watamu badala ya Malindi kuna sababu yake: mvua zikinyesha bara, mto Sabaki humwaga tope baharini, na kaskazi hulisukuma kusini mpaka maji ya Malindi yakageuka mekundu.

Anayependa ukimya aelekee kusini. Kivuko cha Likoni hakitozi watembea kwa miguu, na ng'ambo kuna matatu za njia ya Lunga Lunga. Shimoni iko karibu na mpaka wa Tanzania, ikitazama mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinafika mamia ya mita. Kina hicho kuwa karibu na nchi maana yake ni mafuta machache kabla ya kufika kwa samaki wakubwa.

Nyumba yenye jiko huwafaa watu wanne kuliko vyumba vya hoteli. Mahamri na mbaazi za asubuhi hupatikana barabarani, na samaki wa jioni hupikwa kwa nazi. Hapo pana jambo la kukubaliana mapema: katika boti nyingi za kukodi, samaki ni wa boti, na mgeni hupewa kitoweo tu. Nduaro heri arudishwe baharini akiwa hai. Wakfu wa African Billfish Foundation, wenye makao Watamu, huwawekea samaki hao alama kabla ya kuachiwa ili safari zao zifuatiliwe.

Sheria zifuatwe. Watamu na Malindi zina hifadhi za taifa za baharini tangu 1968, na ndani yake hairuhusiwi kuvua hata kwa mshipi. Bunduki ya mishale imepigwa marufuku nchini Kenya. Leseni ya uvuvi wa burudani iulizwe kwa nahodha kabla ya kulipa, na karatasi yake ionekane kwa macho.

Yako mambo mawili ambayo hayafai kubanwa hata mfuko ukiwa mwepesi kiasi gani. La kwanza ni jaketi la kuokolea kwa kila mtu, linalomkaa mwilini, likiwa tayari chomboni. La pili ni malipo ya nahodha na mabaharia wake, ambao ndio wanaojua mwamba ulipo na wingu lipi ni la kukimbiwa. Jaketi likikosekana, usipande. Omba pesa yako na utafute chombo kingine.