Mjakaranda Unaonyauka: Ung'olewe au Uachwe?

Mjakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini umeizoea Nairobi hata watu wengi hudhani ni mti wa nchi hii. Hupukutisha majani kabla ya kuchanua, ambako huwa karibu na mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo mwenye nyumba asishike shoka kwa sababu tu ameuona mti mtupu. Kwanza akwaruze gome la tawi kwa ukucha. Akiona kijani kibichi, tawi li hai. Akiona ukavu, ajaribu chini zaidi, mpaka afike shinani.

Shinani ndiko kwenye habari zote. Mara nyingi mche ulizikwa chini mno, gome likafunikwa na udongo. Ukiondolewa taratibu, mti huweza kupona. Penye udongo mweusi upasukao wakati wa kiangazi, maji ya mvua hutuama na mizizi hukosa hewa. Hapo mbolea ni kazi bure. Dawa ni mfereji.

Lakini gome la shinani likibanduliwa ukaonekana utando mweupe wenye harufu ya uyoga, si jambo la kungojea. Hiyo ni kuvu iitwayo Armilaria, ikaayo katika visiki vya msitu uliokatwa, nayo hushambulia hata chai na kahawa. Miaka yote ya kuulea mti huo imekwisha kupotea: na ung'olewe pamoja na mizizi, uchomwe moto. Mche mpya usitiwe katika shimo lile lile, bali upandwe mbali nalo.