Kutafuta Protini za Oganeli katika Jenomu ya Hamira: Maelezo kwa Kuzingatia Ulanzi wa Igowole

Huko Igowole, wilayani Mufindi, utomvu mtamu wa mwanzi hugeuka ulanzi kwa kazi ya hamira na bakteria. Ndani ya kila seli ya hamira mna oganeli, yaani vyumba vidogo vyenye kazi maalumu. Makala haya yanaeleza jinsi kompyuta inavyosaidia kujua protini ipi ni ya chumba kipi.

Usomaji wa jenomu ya hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, ulikamilika mwaka 1996. Jenomu hiyo ina jeni zipatazo 6,000. Kwa kuwa kuchunguza kila protini maabarani huchukua muda mrefu, hutafutwa alama kwanza. Protini nyingi za peroksisomu, oganeli inayovunja asidi za mafuta, huishia na asidi amino tatu: serini, lisini na lusini, zinazoandikwa SKL. Protini iitwayo Pex5 huitambua alama hiyo na kuisindikiza protini hadi ndani. Kompyuta husoma mkia wa kila protini na kuorodhesha zenye alama.

Hata hivyo, orodha si ushahidi. Zipo aina 20 za asidi amino. Zikichukuliwa kuwa hutokea kwa usawa, uwezekano wa SKL kujitokeza kwa bahati ni 1 kati ya 8,000. Katika protini 6,000 hutarajiwa pungufu ya moja. Mtafiti akiruhusu asidi amino tatu katika nafasi ya kwanza na tatu katika ya pili, uwezekano hupanda mara 9, na protini zipatazo 7 huweza kuingia kwa bahati tu. Akikaza masharti, huzikosa za kweli: katalesi A huishia na SKF, na kimeng'enya Pox1 hakina alama hiyo, ingawa hufanya kazi ndani ya peroksisomu.

Kwa hiyo, kompyuta hupendekeza na maabara huthibitisha, kwa mfano kwa kuiunganisha protini na nyingine ing'aayo kijani, kisha kuitazama kwa hadubini. Tahadhari hiyo ni kubwa zaidi kwa hamira za ulanzi, kwani jenomu zake huenda zikatofautiana na ile ya 1996. Anayetaka kuzieleza hamira za Igowole hana budi kusoma jenomu zake zenyewe.