Maharage yenye ladha ya moshi bila familia kuvuta moshi

Dar es Salaam. Katika nyumba nyingi za kupanga za Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala, siku ya maharage haijifichi. Mtungi wa gesi upo ndani na chai ya asubuhi imepikiwa hapo, lakini sufuria la maharage liko uani au koridoni, juu ya jiko la mkaa, limefunikwa na sinia na linatokota tangu mchana.

Ukiuliza kwa nini, utapewa sababu mbili. Ya kwanza ni gharama: mtungi wa kilo 6 ukiachiwa kuchemsha maharage saa tatu kila mara, haumalizi mwezi. Ya pili ni ladha. Wengi wanaamini maharage ya gesi “hayana utamu”, hayanukii kama yale ya kijijini yaliyopikwa kwa kuni.

Sababu zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zina ufumbuzi. Na inafaa zitafutiwe, kwa sababu mvua inaponyesha jiko hilo la mkaa haliachwi uani. Huingizwa ndani, mara nyingi katika chumba kimoja wanamolala baba, mama na watoto.

Hatari isiyo na harufu

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Moshi huo unahusishwa na nimonia kwa watoto, na kwa watu wazima magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu na magonjwa sugu ya kifua.

Mkaa unadanganya kwa sababu ukishashika hautoi moshi mwingi unaoonekana. Unachotoa ni hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa milango na madirisha hewa hiyo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea, na aliyelala anaweza asiamke. Mwenye dalili hizo atolewe nje haraka apate hewa safi, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Lakini kwenye familia nyingi za mjini gesi imeshafika jikoni. Kilichobaki kwenye mkaa ni vyakula vichache vya kuchemka muda mrefu, na maharage ndiyo yanaongoza.

Ladha ile inatoka wapi?

Sufuria lililofunikwa vizuri haliingizi moshi mwingi, uwe unatumia mkaa au gesi. Sehemu kubwa ya utamu wa maharage ya jiko la mkaa unatokana na moto mdogo na muda: punje zinalainika taratibu bila kupasuka ovyo na mchuzi unakuwa mzito. Moto mdogo huo unapatikana hata kwenye gesi.

Harufu halisi ya moshi ni ya kuni, au ya kitu kilichochomwa kabla ya kutiwa kwenye sufuria. Wamexico na Wamarekani wa kusini magharibi, ambao hupenda sana maharage ya pinto yenye madoa ya kahawia, huipata kwa pilipili zilizokaushwa kwa moshi au nyama ya moshi. Pinto si mgeni kwetu: ni jamii moja na maharage yetu ya kawaida, na Wakenya wana aina inayofanana nayo waiitayo mwitemania. Rozikoko au maharage mengine ya madoa kutoka Tandale au Temeke Stereo yatafaa kabisa.

Anza usiku uliotangulia

Ununuapo, chagua maharage ya msimu mpya, yenye ngozi inayong’aa na isiyokunjamana. Yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata ukichemsha nusu siku. Usichanganye ya zamani na mapya, maana hayataiva kwa pamoja.

Kwa familia ya watu watano au sita chukua nusu kilo. Chambua mawe na punje mbovu, osha, kisha loweka kwenye maji mengi kwa saa 8 hadi 12 pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Wapo wanaoamini chumvi inakaza maharage, lakini kwenye kulowesha inasaidia ngozi kulainika. Kwa joto la Dar es Salaam maji hayo yanaweza kuchacha, hivyo weka bakuli kwenye friji, au badilisha maji mara moja kabla ya kulala.

Asubuhi mwaga maji hayo na suuza. Sehemu ya sukari zinazoleta gesi tumboni huondoka nayo, na muda wa kupika hupungua sana.

Maji ya kupikia nayo yana mchango. Maeneo mengi ya pembezoni hutumia maji ya kisima, na baadhi yana madini mengi ya kalsiamu na magnesi ambayo huzuia maharage kulainika. Kama maharage yako hayaivi hata yakiwa mapya, jaribu maji ya bomba au ya mvua kabla ya kukimbilia magadi.

Magadi kweli yanaivisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1 na yanaongeza sodiamu, jambo lisilofaa kwa mwenye shinikizo la damu. Ukilazimika, iwe chembe tu.

Chemsha kwelikweli

Maharage mabichi yana sumu ya asili, na mekundu ndiyo yenye nyingi zaidi. Punje chache zisizoiva zinaweza kumtapisha na kumharisha mtu mzima ndani ya saa chache. Kulowesha pekee hakuiondoi. Inaondolewa na maji yanayochemka kwa nguvu, si chini ya dakika 10, na kwa usalama zaidi fanya dakika 30.

Hili ni muhimu kwa wanaobana matumizi kwa kutia maharage kwenye chupa ya chai au hotipoti usiku kucha. Njia hiyo inaokoa gesi, lakini maharage yaliyolowekwa yachemke kwanza kwa nguvu dakika 30, ndipo yahamishiwe kwenye chombo hicho yakiwa ya moto kabisa. Kesho yake yachemshe tena kabla ya kula. Joto la uvuguvugu tangu mwanzo haliui sumu hiyo.

Mwenye sufuria la presha, wengi huliita presha kuka, amepona zaidi. Maharage yaliyolowekwa huiva humo kwa dakika 20 hadi 30 tangu presha ipande. Usijaze chombo zaidi ya nusu, kwa kuwa maharage huvimba na kutoa povu linaloweza kuziba tundu la mvuke. Kwenye sufuria la kawaida, punguza moto baada ya zile dakika za kuchemka kwa nguvu na ufunike vizuri. Mengi huwa tayari ndani ya saa moja hadi moja na nusu.

Nyanya, ndimu na ukwaju visitiwe mapema. Uchachu huchelewesha maharage kulainika.

Njia tatu za kuleta moshi

Ya kwanza, na rahisi kuliko zote, ni kuchoma viungo. Shika nyanya nne, kitunguu kimoja, hoho moja na pilipili juu ya moto wa gesi kwa koleo, au vipange kwenye chuma cha chapati kilichopata moto. Geuza mpaka ngozi iwe nyeusi na nyama ilegee. Menya sehemu kubwa ya ngozi iliyoungua, kisha saga au twanga pamoja na punje nne za kitunguu saumu. Kaanga rojo hilo kwa mafuta vijiko viwili vya chakula na nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu, mpaka mafuta yajitenge. Mimina kwenye maharage yaliyoiva, ponda punje kadhaa ili mchuzi uwe mzito, halafu acha moto mdogo kwa dakika 20.

Ya pili ni samaki aliyekaushwa kwa moshi. Kipande kimoja cha perege, sangara au kambale kinatosha sufuria zima. Kisuuze kwa maji ya moto, ondoa miiba, kitie dakika 20 za mwisho na uonje kabla ya kuongeza chumvi. Kiwe kipande kidogo, kwa sababu vyakula vya moshi havifai kuliwa kwa wingi kila siku.

Ya tatu inajulikana kwa wapishi wa pwani wenye asili ya Kihindi. Maharage yakishaungwa, weka bakuli dogo la chuma katikati ya sufuria, tia humo kaa moja la moto, dondoshea matone ya samli na ufunike dakika tano. Moshi unaofuka utaingia kwenye mchuzi. Lifanyike uani, na kaa lizimwe kwa maji mara moja. Kaa moja kwa dakika tano nje ya nyumba si sawa na jiko zima kwa saa tatu chumbani.

Anayependa nazi atie tui zito mwishoni, akikoroga taratibu kwa moto mdogo lisikatike. Tui lina mafuta mengi, hivyo mwenye tatizo la moyo au uzito atumie kikombe kidogo, au aache rojo la nyanya za kuchoma lifanye kazi peke yake.

Kwa nini tujisumbue

Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina protini kama gramu 9, nyuzinyuzi kwa wingi, madini ya chuma na foleti. Tanzania zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano na zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kwa familia isiyomudu nyama kila siku, sahani ya maharage ni kinga iliyo karibu.

Lakini chuma cha maharage hakifyonzwi kirahisi mwilini bila msaada. Kula pamoja na kachumbari yenye ndimu, chungwa au embe, kwa kuwa vitamini C huongeza ufyonzwaji. Chai isogezwe saa moja au mbili baada ya mlo, kwa sababu huuzuia.

Mwisho, usiache maharage yaliyoiva mezani zaidi ya saa mbili katika joto letu. Mwenye friji ayapike kilo nzima Jumamosi, ayagawe kwenye vyombo vidogo na kuyagandisha kabla ya kuungwa. Katikati ya wiki itabaki kazi ya kuchoma nyanya tu, na mlo utakuwa tayari kwa nusu saa. Asiye na friji apike ya mlo mmoja, na yakibaki ya jioni, yachemshwe vizuri usiku na tena asubuhi kabla ya kuliwa.