Ukilala Mitwaba, mbabula ibaki nje

Mtumishi mwenzetu, konji imefika. Umepakia bibi na watoto ndani ya gari hapa Likasi, mnakwenda kusalimu wazee kule Manono. Njia inapita Lwambo, inapanda milima, inafika Mitwaba. Ni njia ya vumbi na mashimo, na kilomita chache zinakula saa nyingi. Usiku ukiwakuta Mitwaba, msilazimishe kuendelea. Shofere mwenye usingizi hatofautishi shimo na kivuli. Kulala pale si uvivu, ni akili.

Lakini angalia namna ya kulala.

Mitwaba iko juu milimani, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma. Mnapewa chumba kidogo. Mama mwenye nyumba, kwa roho nzuri, analeta mbabula ya makala mekundu ili watoto wapate joto. Mnafunga mlango na dirisha. Hapo hatari inaanza.

Makala yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Wengi wanasema: "Moshi umekwisha, sasa hakuna neno." Si kweli! Hata makala mekundu yasiyo na moshi yanaitoa. Hewa hiyo inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu inashindwa kubeba oksijeni mwilini. Mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Ninyi mliofanya kazi chini ya udongo Kipushi ao Kamoto mnajua: pasipopita hewa safi, mtu haingii. Chumba cha kulala ni vile vile.

Alama zake ni hizi: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutaka kutapika, miguu kulegea. Msafiri anadanganyika kwa urahisi, anasema ni uchovu wa njia ao ni malaria. Jiulize: je, sisi wote tumeshikwa kwa saa moja? Tukitoka nje, tunapata nafuu? Kama ndiyo, shaka ya kwanza iwe mbabula. Watoto wadogo na mama mwenye mimba ndio wanaoumia upesi.

Basi, fanyeni hivi:

1. Pakieni blanketi na nguo za baridi kabla ya kutoka Likasi.

2. Pikeni na kuota moto nje. Wakati wa kulala, mbabula ibaki nje, hata kama makala yanaonekana kuzimika.

3. Msilale ndani ya gari huku injini inawaka.

4. Mkikuta mtu amezimia chumbani, fungueni mlango na dirisha, mtoeni upesi, wala msikawie ndani. Mlazeni kwa ubavu, mpelekeni hospitali, hata akiamka. Maziwa ao mafuta ya ngazi hayaondoi sumu hii.

Wewe mama, usione haya kumwambia mwenyeji: "Asante mama, lakini mbabula tuiache mlangoni, upande wa nje." Hatakasirika. Mweleze sababu, na yeye atawalinda watoto wake.

Baridi ya usiku mmoja inapita kwa blanketi. Lala salama Mitwaba, ufike Manono na watu wote uliotoka nao.